Ukuta umerowa? Weka brashi kando kwanza: hesabu ya kutengeneza nyumba ilioingia maji, kwa sisi wa Mombasa

Mi si fundi, nasema mapema. Nina kijumba changu cha gorofa moja huku Mishomoroni, chini tunakaa sisi, juu kuna wapangaji, na kwa vile maji yamenitesa miaka mingi nishalipa mafundi wa kila aina, wazuri na wezi, kwa hivo haya nnayoandika nimeyasomea kwa mfuko wangu mwenyewe.

Nianze na la kwangu. Chumba cha watoto kilitoka doa dogo kama chapati, rangi ya chai, chini kidogo ya soketi. Nkaita mtu wa rangi akakwangua akapaka, elfu 5. Miezi mitatu doa limerudi, sasa ni sinia. Elfu 5 tena, na safari hii akanishauri rangi ya mafuta, ati hio maji hayapenyi. Ni kweli hayakupenya, yalikaa nyuma yake, rangi ikafura malengelenge ukibonyeza yanapasuka yanatoa maji kama jicho linalolia. Tukapaka mara ya tatu. Elfu 15 zishakwenda, ndo jirani akaniletea plamba mmoja mzee hana hata mkoba, ana tindo na nyundo tu kwenye mfuko wa rambo. Akagongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole anasikiliza, pahali pakalia tupu, akatindua shimo la ukubwa wa kiganja. Ndani kuna elbo ya paipu ya PPR, ile ya plastiki inayounganishwa kwa kuchomwa moto, ambayo haikuchomwa vizuri tangu nyumba inajengwa, inatoa tone, inakaa kidogo, inatoa tone. Elbo dukani shilingi 50.

Kwa hivo mtu akiniuliza "kutengeneza ukuta ulioingia maji ni pesa ngapi" mi humuuliza yeye, maji yatoka wapi? Kama hajui basi hakuna bei, yeyote atakayekupa bei hapo anakuuzia rangi. Pesa za kazi hii ni za mambo manne: kutafuta chanzo, kukiziba, kukausha, halafu kurudisha plasta na rangi. Wengi wetu tunarukia la nne kwa sababu ndo linaloonekana na wageni.

Kabla ya yote, kama maji yameingia sasa hivi unasoma hii umesimama ndani ya dimbwi, zima umeme kwenye meni suichi, usiguse soketi wala taa ya siling inayodondoka maji, na kama mkono wa kuzimia uko upande ulio na maji usiende, ita fundi wa stima. Funga maji kwenye geti valvu ya tangi. Siling ikiwa imefura tumbo chini usiingoje ianguke yote, weka ndoo, chukua bisibisi, itoboe tundu dogo pale ilipolegea zaidi maji yashuke pole pole, utapoteza ubao mmoja badala ya chumba kizima. Halafu piga picha, picha nyingi, kabla hujafuta chochote, hizo zitakusaidia na mwenye nyumba au watu wa bima.

Sasa kutafuta chanzo. Hapa ndo ningetaka mtu atumie muda wake maana ni bure au karibu na bure.

Tizama kwanza ukuta warowa lini. Ukirowa siku za mvua peke yake, ni paa au slebu, yaani dari ya zege, au ufa wa nje. Ukiwa umerowa kila siku, kiangazi na masika, mara nyingi ni paipu. Ukirowa saa moja baada ya watu wa juu kuoga, ni bafu lao, na mara nyingi si paipu hata, ni grauti, ile simiti ya kati ya tailisi, imekwisha au pale pembeni ya tundu la maji pameachia. Na kama unyevu waanzia chini kwenye sakafu unapanda kama mita moja hivi halafu unakoma, na juu yake kuna unga mweupe kama chumvi, basi ni chumvi kweli, nitarudi kwake.

Kwa paipu, wenzetu wa miji yenye maji kila saa huambiwa watizame mita, lakini sisi maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hivo pima kwenye tangi. Usiku kila mtu akishalala funga maji yanayoingia, hakikisha mifereji yote imefungwa na choo hakivuji ndani, tumbukiza fimbo kwenye tangi uweke alama maji yalipofika. Alfajiri pima tena. Yakishuka, kuna pahali panavuja, paipu au tangi. Usiku wa pili rudia vile vile lakini ufunge na ile valvu inayotoa maji kwenye tangi kwenda nyumbani, yakiwa hayajashuka basi ushajua ni paipu za ndani, yakishuka tangi lenyewe ndo limepasuka. Nusu ya "slebu mbovu" nlizoziona mimi zilikuwa ni tangi linafurika usiku. Maji huja saa tisa za usiku watu wamelala, boli ya tangi, ile inayofunga maji tangi likijaa, imekwama, tangi lajaa lamwagika juu ya slebu mpaka asubuhi, na hakuna anayejua. Boli mpya ni mia kadhaa tu. Na lile jengine kila mtu wa Mombasa analijua, unafungua mfereji wa jikoni maji hakuna, unasahau kuufunga, unaenda harusini, unarudi viatu vinaelea.

Bafu la juu, ziba tundu la maji kwa kitambaa, jaza maji vidole viwili, weka alama, ngoja masaa kadhaa huku mtu yuko chini anaangalia siling. Choo, tia rangi ya chakula kwenye tangi lake la maji, ukiona rangi bakulini bila ya mtu kuflashi, valvu yavuja.

Na kama hujui unyevu unatoka ndani ya ukuta au ni hewa tu, kata kipande cha naironi safi kama futi moja na nusu kila upande, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasiingie hewa, ukiache siku moja au mbili. Maji yakiganda nyuma ya naironi, ukuta wenyewe ndo watoa maji. Yakiganda mbele upande wa chumba, ni joto na hewa nzito, fungua madirisha. Shilingi 30 hio, nami nliijua baada ya kutumia elfu 15.

Ukishindwa kabisa ndo umlipe plamba kuja kutafuta. Mwambie kabisa mapema kwamba hio ni pesa ya kutafuta, mkubaliane, manake akija "bure" atajilipa kwa kutindua ukuta mzima.

Kukausha. Watu hawaipi bei hii kwa sababu hakuna fundi anayeiuza. Kanuni ya zamani ya waashi ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wa ukuta, na hapa pwani hewa yenyewe imebeba maji kwa hivo usitarajie miujiza. Plasta iliyobambuka au inayolia tupu itoe yote, ukuta upumue, usiache kipande ati "hiki bado kizuri". Feni ya wati 60 ikizunguka mchana na usiku yala kama uniti moja na nusu ya stima, hata ukiihesabu uniti kwa shilingi 30 ni kama 45 kwa siku, wiki tatu hazifiki elfu moja. Linganisha na kupaka mara mbili. Ukiweza kuchagua, kazi ya slebu na kuta ifanye kaskazi inapovuma, Januari na Februari, jua kali, ukuta wakauka, na mafundi hawana pupa. Ukingoja Mei mvua zishachachamaa utamlipa fundi bei ya dharura akuwekee turubali.

Ukungu mweusi ufute kwa Jik iliyochanganywa na maji, kwenye tailisi na siling ya rangi ya mafuta inafanya kazi vizuri, kwenye mbao na ubao wa jipsam usijidanganye, ukungu ushaingia ndani, ubao utolewe. Vaa glavu na ufunge pua. Na usichanganye Jik na dawa ya choo ya asidi hata kidogo, ule moshi unaua mapafu.

Haya, ya kurudisha. Hii ni hesabu yangu ya kile chumba cha watoto, nimeitoa kwenye daftari, ukuta wa mita 3, plasta imetolewa kimo cha mita moja, yaani mita mraba 3, na rangi imepakwa ukuta wote. Plamba na elbo na kipande cha paipu 2,600. Simiti mfuko mmoja 750, ukabaki mwingi. Mchanga magunia matatu 450. Mwashi siku 2 kwa 1,500, ni 3,000. Mtu wa mkono siku 2 kwa 800, ni 1,600. Skimu, ule unga wa kulainisha ukuta kabla ya rangi, 700. Andakoti lita 4, 1,500. Rangi ya juu lita 4, 2,800. Msasa na brashi 300. Mkokoteni wa kuondoa vifusi 500. Jumla 14,200. Yaani chini ya zile elfu 15 nlizozitupa kwenye rangi. Bei hubadilika na mtaa pia una bei yake, Nyali hutaitiwa bei ya Mtopanga, lakini mpangilio ndo huo huo, na utaona ufundi ni karibu nusu ya pesa, kwa hivo punguza siku za fundi usipunguze simiti.

Ili usiuziwe vifaa vya nyumba ya mtu mwengine, jua vipimo. Mfuko wa simiti wa kilo 50 kwa plasta ya nusu inchi, mchanganyiko wa 1 kwa 4, watosha mita mraba 8 au 9 hivi. Lita moja ya rangi ya maji ni kama mita mraba 10 mpako mmoja ukuta ukiwa laini. Ubao wa siling wa futi 8 kwa 4 ni karibu mita mraba 3. Pima urefu mara kimo, toa madirisha, zidisha kidogo kwa hasara, na uende hadiwea mwenyewe. Fundi akikuandikia mifuko mitano ya ukuta mmoja, mitatu ina safari zake.

Kabati za jikoni za emdiefu, zile mbao za unga uliobanwa, zikishanyonya maji zikafura hazirudi, usilipe mtu kuzinyoosha. Mbao ngumu hukauka, ikaushie kivulini. Godoro la sufi jua la siku tatu huliokoa kama maji yalikuwa safi.

Nimesema kama yalikuwa safi, manake maji ya mvua yaliopita njiani yakachanganyika na karo (shimo la majitaka) la jirani ni mambo mengine kabisa na bei nyengine. Zulia, godoro, siling ya ubao laini, vyote vitupwe. Plasta iliyoguswa itolewe juu kidogo ya mstari maji yalipofika, sakafu ioshwe kwa sabuni halafu klorini, na kama una tangi la chini ya ardhi limwagwe lote lisafishwe kabla hamjayatumia hayo maji. Hapo ongeza pesa ya ekzosta, lile lori la kunyonya majitaka, na ya vibarua, na usione uchungu kwa godoro, hospitali ni ghali zaidi.

Turudi kwa chumvi. Nyumba nyingi zetu zilijengwa na maji ya kisima, na kisima cha kisiwani au cha karibu na bahari ni maji ya chumvi, pengine hata mchanga ulichotwa ufuoni. Chumvi ikiwa ndani ya ukuta huvuta unyevu kutoka hewani yenyewe, ndo maana ukuta mwengine hurowa na hakuna paipu wala mvua. Ule unga mweupe usiuoshe kwa maji, unaurudisha ndani, ufagie mkavu kwa brashi ngumu, rudia kila ukitokea. Ukiwa mwingi plasta itoke yote na urudishie kwa maji ya kunywa na mchanga wa mto, na uulize dukani simiti ya kuzuia maji. Kama chini hakukuwekwa dipisii, yaani ule mkanda wa naironi kati ya msingi na ukuta, unyevu utazidi kupanda, na kuuweka kwenye nyumba iliyosimama ni kazi ya pesa nyingi, hapo afadhali kwanza uchimbe mfereji nje maji ya mvua yasikae ukutani, ushushe udongo uliorundikana, ndo uone. Mimi upande wa nyuma nilifanya hilo tu, vibarua wawili siku moja, na ukuta umetulia. Jambo jengine la kutizama ni nondo, ukiona slebu inatoka ufa mrefu ulionyooka na doa la kutu, chumvi ishafika kwenye chuma, chuma kimefura chapasua zege. Hapo usizibe kwa plasta, mwite injinia, kipande kitakuangukia kichwani.

Wa Mji wa Kale nyie mna sheria zenu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zataka kupumua, ukizipiga plasta ya simiti au rangi ya mafuta maji hukwama ndani, mawe yanaanza kuoza na ncha za boriti nazo. Rudishieni chokaa kwa chokaa, mtafute fundi anayeijua, atakuwa ghali kuliko mwashi wa kawaida lakini hutomwita kila mwaka. Na kwa vile ni eneo la uhifadhi, ukitaka kubadilisha sura ya nje pata ruhusa kwanza.

Paa na slebu ndo kwenye laki. Mabati, mara nyingi ni misumari, ile roba ya chini ya kofia yapasuka na jua, halafu hewa ya bahari inakula msumari. Kubadilisha misumari na kuziba kwa lami ni kazi ya siku moja, na ukague mlizamu haujajaa majani ya mwembe. Slebu ni habari nyengine, nliitiwa 1,100 mpaka 1,500 kwa mita mraba kwa ile lami ya karatasi inayobandikwa kwa moto, slebu yangu ni mita 10 kwa 9, yaani 99,000 kwa rahisi na 135,000 kwa ghali. Nkamuuliza yule wa rahisi utarekebisha mteremko? Akasema hapana hio ni nyengine. Sasa ukibandika lami juu ya slebu yenye shimo linalotuama maji, umelipa kutengeneza bwawa. Mwaga ndoo kadhaa juu ya slebu, tizama maji yatuama wapi, weka alama kwa chokaa, hapo pajazwe kwanza. Kazi ikiisha ziba matundu, jaza maji, yaache siku nzima, ndo ulipe.

Mpangaji na mwenye nyumba, fupi tu: chanzo kikiwa ni paipu ya ukutani au paa, ni kazi ya mwenye nyumba, ukiacha mfereji wazi ni yako. Andika kwa meseji siku hio hio na picha, usiseme kwa mdomo, na usikate kodi bila ya kukubaliana. Bima ya nyumba kawaida huangalia maji ya ghafla, paipu imepasuka au tangi limefurika, unyevu wa pole pole wa miaka hawaulipi, na mafuriko soma mkataba wako kama yamo.

Mwisho malipo. Usimpe fundi zaidi ya pesa ya vifaa mwanzo, na hio bora ununue mwenyewe. Nusu ya ufundi kazi ikifika kati. Kazi ya paa na slebu mi huacha elfu 10 mpaka mvua inyeshe, na tunaandikiana kwenye karatasi. Fundi wangu wa slebu alimaliza Februari, akanipigia mwezi wa tatu anataka zake, nkamwambia babu ngoja masika, akacheka akakata simu. Mvua ya kwanza ya Aprili ilipiga usiku wa manane, na saa kumi na mbili asubuhi nafungua mlango yuko barazani na kandambili zake zinachuruza maji, hata salamu hakunipa vizuri, akapita ndani akainua kichwa kutizama siling.